Mercedes C-Class na wapinzani wake: Saluni ya kifahari yenye majirani wa pande mbili

Katika biashara ya magari kuna daraja moja ambalo wanunuzi wengi huliwania ilhali wachache huelewa mipaka yake. Hilo ni daraja la saluni ndogo ya kifahari, yaani gari ambalo ni kizingiti cha kuingilia katika nyumba ya watengenezaji wenye majina makubwa. Mfano wake mashuhuri ni Mercedes-Benz C-Class. Juu yake kampuni hiyo ina E-Class na S-Class. Chini yake, kwa miaka mingi, hapakuwa na saluni nyingine yenye nyota ile ya ncha tatu.

Ukiuliza Ulaya gari hili linashindana na nani, jibu kwa miaka mingi lilikuwa jepesi: BMW 3 Series na Audi A4, kisha Lexus IS kwa umbali kidogo. Swali hilo hilo likiulizwa katika yadi za magari za Ngong Road jijini Nairobi, jibu hubadilika. Mnunuzi aliyesimama kando ya C200 iliyotumika Japani mara nyingi hailinganishi na BMW. Anaipima na Toyota Mark X, Toyota Crown au Subaru Legacy, magari ambayo waliobuni C-Class hawakuwa wakiyafikiria. Kinachoyakutanisha magari haya ni umri. C-Class mpya ina wapinzani wake, ya miaka saba ina wengine, na ya miaka kumi na mitano ina wengine kabisa. Asiyetambua hilo hulipa bei ya daraja moja kisha akatumiwa bili za daraja jingine.

Daraja lenyewe halikuanzishwa na Mercedes. BMW ndiyo iliyolima shamba hilo kwanza, kwa gari lake dogo la 1602 la mwaka wa 1966, likafuatwa na 2002 mnamo 1968, na hatimaye 3 Series ya kwanza mwaka wa 1975. Wakati huo Mercedes iliuza magari makubwa tu, na wateja vijana walioanza kupata mishahara mizuri walikwenda kwa jirani. Jibu la Mercedes lilikuja Desemba 1982 kwa jina la 190. Wahafidhina walinung'unika kwamba nyota inashushwa hadhi, na Wajerumani wakaibandika gari hilo jina la mzaha, 'Baby-Benz'.

Lakini waliolitengeneza hawakupunguza ujuzi kwa sababu lilikuwa dogo. Kila gurudumu la nyuma lilishikwa kwa vyuma vitano vilivyotenganishwa, mpango uliogharimu pesa nyingi wakati ambapo magari mengi ya ukubwa huo yalitumia ekseli sahili. Mpango huo ulilifanya gari litulie barabarani kama kaka zake wakubwa. Mnamo Mei 1984, Mercedes ilipanga mbio katika uwanja mpya wa Nürburgring, madereva mashuhuri wakapewa magari ya 190 ya aina moja. Mshindi alikuwa kijana wa Brazil aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia Formula One mwaka huo, Ayrton Senna. Niki Lauda alikuwa wa pili.

Inafaa kulinganisha na yaliyotokea Marekani katika miaka hiyo hiyo. Cadillac nayo ilitaka saluni ndogo ya kifahari, ikachukua Chevrolet Cavalier, gari la kawaida la familia, ikaliongezea ngozi na nembo na kuliita Cimarron. Wanunuzi hawakudanganyika, na mwaka wa 1988 Cimarron ilizikwa. Gari la 190 liliuzwa hadi 1993 na kupita milioni 1.8, likapokewa na C-Class ya kwanza. Vizazi vilivyofuata vilizinduliwa mwaka wa 2000, 2007, 2014 na 2021.

Washindani wengine walijipanga vivyo hivyo. Audi, iliyo chini ya Volkswagen, iliibadilisha Audi 80 kuwa A4 mwaka wa 1994. Toyota ilitoa Altezza huko Japani mnamo 1998, na mwaka uliofuata gari hilo likaanza kuuzwa ng'ambo kwa jina la Lexus IS. Wajapani wenyewe hawakuwa na duka la Lexus kwao hadi Agosti 2005, ndiyo maana Altezza zilizofika Mombasa zilikuwa na nembo nyingine lakini mwili ule ule. Nissan nayo iliuza Skyline yake Marekani kama Infiniti. Volvo S60, Jaguar XE na Alfa Romeo Giulia zimo katika orodha, ila katika soko la Kenya ni nadra kiasi kwamba kuzijadili hapa ni kupoteza wino.

Kizazi kinachofaa kuchunguzwa kwa makini ni kile cha 2007 hadi 2014, ambacho mafundi hukiita W204, kwa sababu ndicho kilichoileta C-Class katika maegesho ya watu wa kipato cha kati hapa nchini. Wapinzani wake wa wakati huo walikuwa BMW ya kizazi cha E90, Audi A4 ya B8 na Lexus IS ya pili.

Kwa kipimo cha nje magari haya yalikuwa karibu sawa. C-Class ilikuwa na urefu wa mita 4.58, BMW mita 4.52, Lexus mita 4.58 au karibu na hapo, na Audi ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote kwa mita 4.70. Urefu huo wa Audi ulionekana katika kiti cha nyuma, ambako abiria mrefu alipata nafuu. Kwa Lexus hali ilikuwa kinyume: aliyeketi nyuma ya dereva mrefu alipaswa kuyakunja magoti.

Tofauti kubwa zaidi ilikuwa katika tabia. BMW ilijengwa kwa ajili ya dereva. Uzito wake uligawanywa karibu nusu kwa nusu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, usukani ulikuwa mzito na wa kweli, na gari lilipinda kona kama linalosoma mawazo ya aliyeketi usukanini. Audi ilivutwa na magurudumu ya mbele isipokuwa ilipokuwa na mfumo wa quattro unaoendesha yote manne. Ndani yake ilipambwa kwa ustadi ambao wengi waliuona bora kuliko wa wenzake. Lexus ilitegemea ukimya na sifa ya kutoharibika, lakini ilitumia injini ya silinda sita ya lita 2.5 mahali ambapo Wajerumani walitosheka na silinda nne, na mafuta yalilipiwa ipasavyo.

C-Class ilisimama katikati yao, na hapo ndipo palipokuwa mahali pake hasa. Haikuwa nyepesi wa kona kama BMW, wala ndani yake haikupendeza macho kama Audi, na plastiki za mwanzoni, kabla ya marekebisho ya mwaka wa 2011, zilikuwa za kusikitisha kwa gari la bei hiyo. Ilichowashinda wenzake ni utulivu juu ya barabara mbovu, kugeuka mahali pembamba, na ile hisia ya mlango mzito unapofungwa. Injini ya C200 ya lita 1.8 ilisaidiwa na kifaa cha kusukuma hewa na kutoa nguvu za farasi 184, ilhali BMW 320i ya mwanzo wa kizazi hicho, yenye lita 2.0 bila msaada wa aina hiyo, ilitoa 150. Si ajabu kwamba dereva wa kawaida, asiyekwenda mbio, aliiona Benz kuwa ndiyo yenye haraka zaidi kati ya hizo mbili.

Kuna jambo ambalo aghalabu husahauliwa: magari haya si ya Ulaya tu. Kiwanda cha Mercedes kilichoko East London, Afrika Kusini, kimekuwa kikiunda C-Class kwa vizazi kadhaa na kuziuza ng'ambo, na BMW iliunda 3 Series katika kiwanda chake cha Rosslyn hadi mwaka wa 2018, kilipogeukia X3.

Leo C-Class si kizingiti cha chini kabisa tena. Mercedes ilileta CLA mwaka wa 2013 na saluni ya A-Class mwaka wa 2018. Audi ina A3 yenye buti, na BMW ina 2 Series Gran Coupé. Yote haya yamejengwa juu ya misingi ya magari madogo ya kuvutwa kwa magurudumu ya mbele, na hayo ndiyo yanayostahili zaidi jina la 'gari la kuanzia'. Mnunuzi anayetoka kwenye Volkswagen Golf hatashangazwa sana na A3, kwa kuwa magari hayo mawili ni ndugu wa mama mmoja.

Upande mwingine wa C-Class kuna magari yasiyo na nembo ya kifahari lakini yanayoikaribia kwa kila kitu kingine. Wakenya walipata funzo la waziwazi la jambo hili mwaka wa 2009, wakati Uhuru Kenyatta, akiwa Waziri wa Fedha, alipotangaza kwamba mawaziri na maafisa wakuu watarejesha magari yao makubwa na kutumia yenye injini isiyozidi cc 1,800. Gari lililochaguliwa lilikuwa Volkswagen Passat. Baadhi ya wakubwa walinuna. Kwa haki, Passat haikuwa gari la kudharauliwa: ilikuwa na nafasi nyuma kuliko C-Class, na katika miaka ya tisini kizazi chake kimoja kilijengwa juu ya msingi ule ule wa Audi A4. Kilichokosekana ni nyota juu ya boneti. Katika nchi ambako lugha yenyewe iliunda neno 'wabenzi' kuwataja wenye nguvu na mali baada ya uhuru, pengo hilo halikuwa dogo.

Mpinzani mkali zaidi kutoka chini ni Mark X. Toyota ilianza kuiuza Japani mwaka wa 2004 badala ya Mark II, ikatoa kizazi cha pili 2009, na kusitisha uundaji Desemba 2019. Husukumwa na magurudumu ya nyuma kama C-Class na 3 Series. Injini yake ya lita 2.5 yenye silinda sita, ijulikanayo kama 4GR, ndiyo iliyowekwa ndani ya Lexus IS 250, na nguvu zake hukaribia farasi 200 au kupita kidogo. Umbali kati ya magurudumu yake ya mbele na ya nyuma ni mita 2.85, dhidi ya mita 2.76 za C-Class ya W204 na 2.73 za Lexus. Kwa maneno mengine, anayenunua Mark X anapata moyo wa Lexus ndani ya mwili mrefu zaidi, akikosa sehemu ya unadhifu, vifaa na jina. Injini hiyo nayo ina ila yake ya kujaza masizi, lakini fundi wa Toyota hapatikani kwa tochi.

Sasa, inakuwaje Benz na Toyota zikutane kwa bei? Sehemu ya jibu iko Japani. Huko gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo pamoja na kodi zinazoambatana nao ni ghali. Wenye magari wengi huyauza kabla ya ukaguzi wa pili au wa tatu. Gari la Ulaya hupoteza thamani upesi zaidi, kwa kuwa mnunuzi wa pili wa Kijapani huogopa gharama zake za matengenezo. Hivyo C-Class iliyonunuliwa ikiwa mpya kwa bei iliyo mbali kabisa na ya Mark X hufika mnadani ikiwa imeporomoka kuliko Toyota. Mwenyewe wa kwanza ndiye aliyelipa anasa, na anayeagiza kutoka Mombasa huokota makombo mazuri.

Sehemu nyingine ya jibu iko kwenye sheria za Kenya. Gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa nchini likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na lazima liwe la usukani wa kulia. Masharti hayo mawili ndiyo yanayoelekeza wanunuzi Japani na, kwa kiasi kidogo, Uingereza. Ndiyo pia yanayofanya magari mengi ya daraja hili yafike yakiwa na umri wa kati ya miaka sita na minane, umri ule ule ambao dhamana ya kiwanda imekwisha na sehemu za bei kubwa zinaanza kuchoka.

Ushuru nao umekuwa na athari ambayo wahandisi wa Ujerumani hawakuikusudia. Tangu 2019, ushuru wa bidhaa kwa magari ya petroli yenye injini inayozidi cc 1,500 umekuwa asilimia 25, huku yasiyozidi kiwango hicho yakitozwa asilimia 20. Mwaka wa 2018 Mercedes iliifanyia C-Class ukarabati, na C200 iliyouzwa Japani na Uingereza ikapata injini ya cc 1,497 yenye turubo na msaada wa umeme wa volti 48. Nguvu zilibaki farasi 184, sawa na za lita 1.8 ya zamani. Ghafla gari la kifahari likaangukia katika kundi moja la ushuru na saluni ndogo za Toyota, ilhali BMW 320i ya rika lake, yenye cc 1,998, ikabaki kundi la juu. Asilimia tano huonekana kidogo kwenye karatasi, lakini kwa kuwa hukokotolewa juu ya thamani ya gari ghali, na kodi ya thamani ya ziada ikatozwa juu yake tena, tofauti ni ya kuhesabika. Anayechagua kati ya hizo mbili hana budi kuiweka mezani.

Baada ya gari kutoka bandarini ndipo hesabu ya pili huanza. W204 nyingi zina injini iitwayo M271, ambayo cheni yake ya ndani, ile inayooanisha mwendo wa pistoni na wa valvu, hurefuka kwa uchakavu, na meno ya gia zake hulika. Ikiruka jino, injini huweza kuharibika kabisa. Kizazi hicho pia kina kufuli ya umeme ya usukani ambayo hufa bila kuaga: ufunguo unaingizwa, taa haziwaki, usukani haugeuki, na gari lililokuwa zima jana linaondolewa kwa kukokotwa. Audi za rika hilo zenye injini za TFSI za lita 1.8 na 2.0 zilijulikana kwa kunywa oili kwa sababu ya pete za pistoni, na giaboksi yao ya mkanda ilikuwa na sifa mbaya zaidi. BMW 320i huvuja oili na kutoa moshi pale mipira ya valvu inapokauka. Isitoshe, 3 Series nyingi za E90 zilitoka kiwandani na tairi ngumu ambazo huweza kuendeshwa kwa muda hata zikiisha upepo, na kwa hivyo hazikuwekewa gurudumu la akiba. Mpango huo hufaa katika barabara kuu za Ujerumani. Kati ya Garissa na Wajir ni kamari.

Hakuna lolote kati ya hayo lisiloweza kutengenezwa. Mafundi wa magari ya Ujerumani wenye kompyuta za kusoma hitilafu wameongezeka Nairobi na Mombasa, na vipuri, vipya kwa kutumika, hupatikana hata Kirinyaga Road. Tatizo ni kwamba bei ya kipuri haifuati bei ya gari. Taa ya mbele ya C-Class iliyonunuliwa kwa bei ya Mark X bado ni taa ya Mercedes. Aliyekopa benki akajinyima hadi shilingi ya mwisho ili alipate gari hana pa kuchota fedha za cheni inapoanza kulia, na magari mengi yanayotangazwa kuuzwa 'kwa sababu mwenyewe anasafiri' yameachwa katika hatua hiyo hasa.

Hatua ya tatu ya maisha ya gari hili inaonekana sasa. Uundaji wa saluni ya W204 ulikoma 2014, kwa hivyo kwa kanuni ya miaka minane haziingizwi tena, na zilizopo hupita tu kutoka mkono hadi mkono. Bei zake zimeteremka hadi zikakutana na Toyota Axio na Premio ambazo ni changa kwake kwa miaka kadhaa. Hapo mpinzani wake wa Ulaya hana maana tena. Anayetaka gari la kumpeleka kazini kila asubuhi, bila fedha za akiba, afadhali achukue Axio. Anayelitaka kwa ajili ya safari za mwisho wa wiki, na aliye na fundi anayemjua, hatapata kwa bei hiyo saluni nyingine iliyotulia kama hii katika barabara ya Mombasa.

Kwa huyo wa pili, ukaguzi una hatua chache zisizorukwa. Umiliki na madeni ya benki huthibitishwa katika rekodi za NTSA kabla ya kulipa chochote. Kompyuta husomwa na fundi wa mnunuzi, si wa muuzaji. Risiti za oili huhesabiwa, kwa sababu M271 iliyobadilishiwa oili kwa wakati huchelewa kula cheni. Na injini huwashwa ikiwa baridi, baada ya kulala usiku kucha: mlio wa chuma kugongana kwa sekunde mbili tatu ndiyo sauti ya cheni iliyochakaa, na hupotea injini ikipata moto. Mnunuzi akifika na kukuta gari limekwisha kuwashwa na boneti ina joto, na arudi kesho yake alfajiri.